Masaa Kumi kwa Rula

Jumatano, 4 Septemba

Nimefagia. Uwanja wote, kuanzia kizingitini mpaka kwenye mkorosho wa njiani. Mavi ya mbuzi nimeyasukumia shimoni. Mama mkwe alitoka nikiwa nimefika katikati, akasimama mlangoni kwake, mkono kiunoni, akanitazama mpaka nikamaliza. Shikamoo yangu hakuiitikia. Haya.

Baba Zuhura aliondoka hapa Newala Jumamosi kwa basi. Jana jioni alipanda ndege Dar. Anakwenda Brazil, mji unaitwa Fortaleza. Miezi mitatu. Anakwenda kujifunza mashine mpya za kubangua korosho. Miaka sita tangu kiwanda cha korosho cha hapa kifungwe, fundi mzima anatengeneza baiskeli za watu. Sasa huyu tajiri wa Masasi, anayenunua korosho tangu lilipokuja soko huria, anataka kufungua kiwanda chake mwenyewe. Amemchagua Hamisi. Mume wangu, kati ya mafundi wote.

Na mimi eti nikae kwenye takataka.

Kwao Wamakonde, mtu akisafiri, uwanja haufagiwi mpaka afike. Ukifagia unafuta nyayo zake, naye anapotelea huko huko. Mke hasuki nywele, hapaki mafuta. Haogi vizuri. Hilo la kuoga nimelicheka sana. Hapa Newala mwezi wa Septemba, bomba kavu, nani anaoga vizuri?

Mimi mtu wa Masasi, Mmakhuwa. Kwetu pia ya namna hii yapo, lakini mama yangu alikuwa anafagia na mambo yakaenda. Nimeishi kwa watu hawa mwaka wa kumi na moja. Nimeyafuata mengi. Hili hapana.


Alhamisi, 5 Septemba

Nimefagia tena.

Shuleni nimechukua ile ramani kubwa ya dunia, darasa la sita. Nimeweka rula. Dar iko hapa, Fortaleza iko pale, na mtu akitazama anaona karibu ziko mstari mmoja. Nenda magharibi moja kwa moja: Kongo, bahari, umefika. Watoto wamepiga hesabu ubaoni. Kilomita elfu nane na mia sita hivi. Ndege inakwenda mia nane na kitu kwa saa. Masaa kumi.

Masaa kumi! Basi la kutoka hapa mpaka Dar ni siku mbili kama kivuko cha Rufiji kizima, na wiki kama kibovu. Brazil iko karibu kuliko Dar.

Nimerudi nyumbani nimemwambia Mama mkwe. Nimemwambia kwa heshima, nimepiga goti kabisa. Mama, mwanao amefika tangu jana asubuhi. Sasa hivi anakula. Mwiko umekwisha.

Akaniuliza nani ameniambia amefika. Nikasema rula.

Alicheka mpaka akashika ukuta. Halafu akakasirika. Akasema msafiri hafiki mpaka neno lake lifike. Rula haijui kitu.


Jumamosi, 7 Septemba

Hakuna neno. Ni mapema. Simu ya posta imekatika tangu Alhamisi.

Nimefagia. Sasa majirani wanapita polepole makusudi. Mama Shakira wa nyumba ya pili amesimama njiani kabisa, kidole mdomoni. Nikamwuliza kama kwake kumekwisha kufagiwa au nimsaidie. Ameondoka.

Niandike sababu, maana kwa mtu siwezi kuisema. Uwanja ambao haujafagiwa ninaujua. Baba yangu alipofariki takataka zililala siku tatu uwanjani, majani, majivu, maganda ya mihogo, tukakaa katikati yake tunalia. Siku ya tatu ndipo wakafagia. Kwangu mimi uwanja mchafu ni msiba. Nikiamka nikaukuta mchafu, moyo unaniambia Hamisi amekufa. Sitaki kuambiwa hivyo kila asubuhi na uwanja wangu mwenyewe.

Hajafa. Nafagia.


Jumatatu, 9 Septemba

Maji! Bomba limetoa tangu alfajiri, mara ya kwanza baada ya wiki mbili. Mji mzima umekimbia. Nimepanga foleni kabla ya shule: ndoo mbili, madumu, sufuria ya pilau, hata kopo la Zuhura. Zuhura ana miaka tisa na anabeba ndoo ya lita kumi bila kumwaga, namsifu.

Nimerudi kuchukua beseni la bluu, lile kubwa. Liko uwanjani, limefunikwa, pembeni ya ngazi upande wa Mama. Lipo hapo tangu Hamisi aondoke, nilidhani amefunikia vifaranga. Nimeinama kulichukua. Mama amenishika mkono. Bibi wa miaka sabini, lakini mkono ule ni koleo.

Beseni hilo halitoki, amesema.

Nikasema Mama, maji yanatoka, yatakatika sasa hivi. Akasema yakatike. Siku ya maji! Hapa watu wanakinga maji mpaka kwenye kofia, yeye ameweka beseni zima linafunika mchanga. Nimekasirika nikaenda na mtungi wenye ufa.

Shuleni nimechelewa. Mwalimu mkuu amenisema mbele ya watoto. Siku ya maji kila mtu anachelewa, kanisema mimi tu.


Alhamisi, 12 Septemba

Leo Mama amekwenda kuzika upande wa Kitangari. Zuhura yuko shule. Nimerudi nyumbani kipindi cha mapumziko, niko peke yangu.

Nimelifunua beseni.

Ni unyayo. Unyayo mmoja tu, wa kushoto. Kile kiatu cha mtumba alichonunua sokoni Masasi kwa ajili ya safari, chenye soli ya meno meno, na kisigino kimelika upande wa nje maana Hamisi anatembea amepinda. Umekaa vilevile kwenye mchanga mwekundu. Kila jino linaonekana. Nimefagia uwanja huu siku nane nikidhani nimefuta kila kitu, kumbe yule bibi alikwishaamka kabla yangu.

Nilikaa chini. Nimelia, ndiyo, nani ananiona. Kwa mara ya kwanza tangu aondoke nimelia kama mtoto, nimeweka kiganja karibu na unyayo bila kuugusa.

Halafu nikafunika kama nilivyokuta. Nikachukua ufagio nikafagia pande zote za beseni, taratibu, nisilitikise.

Sitamwambia kwamba nimeona. Atashinda.


Jumapili, 15 Septemba

Mjomba Nandonde amekuja. Ni mjomba wake Hamisi, kaka yake Mama, na kwa Wamakonde mjomba ndiye mwenye neno. Ameketi kwenye kigoda, amekula ming'oko yangu, ile mizizi ya porini, sahani nzima, amekunywa chai, kisha akasema amekuja kwa habari ya ufagio.

Wameniweka katikati kama mwizi. Mjomba, Mama, na shemeji wawili. Neno lake ni hili: siku kumi na mbili, msafiri hajasikika. Mke anafuta nyayo. Kijana akipata la kumpata huko, kikao kitajua nani wa kuulizwa, na mimi nitapakia vitu vyangu nirudi Masasi. Nyumba ni ya mpwa wake. Mikorosho ni ya mpwa wake.

Mikorosho ile! Tumeipanda pamoja, mimi nimeimwagilia nina mimba ya Zuhura, maji ya kununua. Mwaka huu imeshika maua vizuri na dawa ya salfa nimepulizia mwenyewe mpaka macho yakavimba. Niiache niende wapi?

Nilisema. Nilijua sitakiwi kusema na nikasema. Nikamwambia mjomba, ndege haina mahali pa kulala njiani. Mafuta yake ni ya masaa, siyo ya siku. Haiwezi kukaa angani siku kumi na mbili. Kwa hiyo amefika. Ama amefika, ama...

Wote wakanitazama. Hesabu yangu mwenyewe imenifikisha pale nisipotaka.

Mama ndiye aliyenijibu, na hakunijibu kwa ubaya. Akasema, basi ni afadhali njia yangu, Mama Zuhura. Kwangu mimi bado yuko njiani.

Neno hilo naliandika hapa maana limeniuma. Hesabu yangu ina milango miwili, yake ina mmoja.

Kesho nitafagia vilevile.


Jumatatu, 16 Septemba

Nimefagia.


Jumatano, 18 Septemba

Sokoni wanasema ndege imeanguka. Ndege gani? Hawajui. Wapi? Huko. Nani kasikia? Mwuza dagaa kasikia kwa dereva, dereva kasikia kwa mtu mwenye redio, mwenye redio hajulikani. Nimezunguka soko zima kumtafuta mwenye redio. Hakuna. Nimewatukana watu wazima leo. Nimemwambia mwuza dagaa kwamba atakufa na mdomo wake wazi.

Nimerudi nyumbani. Sikununua kitu. Tumekula ugali kwa mlenda wa jana.

Zuhura ameuliza kama ndege ikianguka baharini watu wanaogelea. Nimesema ndiyo, wanaogelea, na Baba anajua kuogelea. Hajui. Amezaliwa Newala, aogelee wapi?


Alhamisi, 19 Septemba

Wamekuja kukaa matanga.

Nimetoka shule saa nane nimewakuta. Wanawake kumi na wangapi, kanga mbili mbili, wameketi uwanjani kwangu wamenyoosha miguu. Mama Shakira yupo mbele. Mkeka wangu mwenyewe wameutoa ndani. Moto umewashwa, kuna mtu anachambua mchele. Mmoja aliponiona akaanza kulia ile sauti ya msibani, na wengine wakaichukua.

Sikujua naenda kuchukua ufagio. Nilijikuta ninao.

Nimewafagia. Nimeanzia miguuni kwa Mama Shakira. Nilifagia kwa mikono miwili, vumbi jekundu likapanda likawafunika, wakaanza kukohoa badala ya kulia. Inua mguu. Inua mguu wewe. Hapa hakuna msiba, hapa kuna uwanja mchafu, nyanyukeni. Wakasema amerukwa na akili. Nikasema ndiyo, nimerukwa, na mwenye akili aondoke. Nimemwaga mchele? Sikumwaga. Nimemkabidhi mwenyewe, nikamwambia akapike kwake.

Wameondoka. Mmoja mmoja, wanakung'uta kanga.

Wa mwisho alikuwa Mama. Alikaa kwenye ngazi yake wakati wote, hakulia, hakunizuia. Mkono wake ulikuwa juu ya beseni. Nilipofika pale tukatazamana. Nikapinda, nikafagia nikazunguka, sikuligusa. Basi akajua kwamba najua.

Ameingia ndani. Baadaye ameniletea uji. Hakuniambia ninywe, ameuweka tu.


Ijumaa, 20 Septemba

Mjomba Nandonde ametuma neno: kikao Jumapili ya tarehe ishirini na tisa, niwe tayari na vitu vyangu. Nimemjibu kupitia mtu yule yule kwamba nitakuwa tayari na ufagio.

Najifanya jasiri.


Jumatatu, 23 Septemba

Mwalimu mkuu amenikatalia ruhusa. Nimekwenda.

Basi la asubuhi mpaka Masasi, limejaa magunia, nimesimama mpaka tulipoteremka mlima wote. Nimefika ofisini kwa tajiri, pale chini ya milima ya mawe, ghala lake jipya lina rangi ya kijani. Karani akasema tajiri ana wageni. Nikasema na mimi mgeni. Nikaketi kwenye kiti kinachozuia mlango.

Tajiri akatoka. Kijana tu, ana kitambi kipya kama ghala lake. Nikamwambia mimi ni mke wa Hamisi, fundi uliyemtuma Brazil, nataka kujua kama mume wangu yu hai.

Akashangaa! Eti akashangaa. Hamisi? Mbona yupo? Amefika Alhamisi.

Nilimwuliza Alhamisi ipi. Akasema hii iliyopita. Alhamisi tarehe kumi na tisa. Siku niliyowafagia wale wanawake.

Nikasema ndege iliondoka tarehe tatu.

Akaniita kwenye ramani ukutani akanionyesha kwa kidole, na mimi nikawa mtoto wa darasa la sita. Hakuna ndege inayokwenda pale moja kwa moja. Hakuna kabisa. Kutoka Dar unateremka kusini mpaka Johannesburg. Unalala. Pale unakata bahari mpaka Sao Paulo, usiku mzima. Pale unabadili tena, unapanda kaskazini karibu urudi ulikotoka, ndipo Fortaleza. Kidole chake kilizunguka kama kamba ya mbuzi aliyefungwa kwenye mti. Nimepima kwa kiganja: zaidi ya kilomita elfu kumi na mbili. Masaa ya kuruka tu ni kumi na saba, na ya kungoja hayahesabiki. Mstari wangu mzuri wa rula ulikuwa haupo duniani.

Na Hamisi hakufika hata nusu. Johannesburg wakamwuliza kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Hana. Mtu akitoka kwetu Brazil hawampokei bila kadi hiyo, na ofisi ya tajiri haikujua. Wakamtoa kwenye foleni. Akachomwa sindano kule kule, na ukichomwa lazima siku kumi zipite ndipo kadi iwe na nguvu. Kisha akangoja kiti. Wiki mbili mume wangu amelala kwenye nyumba ya wageni ya watu asiojua lugha yao, na viatu vyake vya meno meno.

Wewe ulijua? nikamwuliza.

Alijua. Hamisi alipiga simu tarehe tano. Tarehe tano! Alimwomba tajiri atume neno Newala. Tajiri akasema alimwambia karani, karani akasema alidhani dereva, dereva hayupo.

Nilisimama. Sijawahi kusema na mtu mwenye mali namna ile. Nilimwambia kijana wewe, mama yako yu hai? Akasema ndiyo. Nikasema mkatie habari zako siku kumi na nane halafu uje uniambie kama alipata usingizi. Nikamwambia fundi wake ana mama, ana mke, ana mtoto, na kwamba akitaka mashine zake zibangue hata korosho moja basi mimi nitapigiwa simu posta ya Newala kila Jumamosi saa nne, na ile simu ikikatika atatuma gari. Karani alikuwa anatazama sakafu. Tajiri akasema sawa, Mama. Akaandika kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema asante, nikatoka, nikaketi kwenye gogo nje nikatapika.


Jumanne, 24 Septemba

Nimelala Masasi kwa dada, nimerudi leo. Mama alikuwa kwenye ngazi. Nilisimama mbele yake na mfuko wangu nikamwambia yote, Johannesburg, sindano, Alhamisi.

Alinipokea mfuko. Halafu akasema: si nilikwambia yuko njiani.

Ala! Hiyo ndiyo kauli yake ya kwanza. Siyo alhamdulillahi, hiyo ilikuja ya pili. Na ni kweli. Siku zote nilizosema amefika, alikuwa hajafika. Bibi ambaye hajavuka Rufiji amekuwa sahihi, na mimi na rula yangu tumekosea.

Lakini nikamwambia na langu. Nimefagia siku zote hizo, Mama. Kila asubuhi. Na mwanao amefika salama, na alitua siku niliyofagia kuliko zote.

Akasema amefika kwa sababu ya beseni.

Nikasema amefika kwa sababu ya sindano.

Tumebishana mpaka chai ikapoa. Zuhura anatucheka. Sijaona siku nzuri kama hii mwezi mzima.

Mjomba ameahirisha kikao. Ametuma kuku. Nimempokea kuku. Mjomba mwenyewe nitampokea nikipenda.


Jumamosi, 28 Septemba

Nimeongea naye. Posta, saa nne na robo, dakika tatu. Sauti inakuja halafu inarudi. Amesema kuna mikorosho kila mahali, mikubwa, na watu wanakunywa juisi ya mabibo kwenye glasi kama soda. Amesema kule kulikuwa bado alfajiri. Ameuliza uwanja uko vipi. Nikasema safi. Akacheka, maana anatujua wote wawili.

Alasiri Mama ameniita. Amelifunua beseni mwenyewe. Akasema haya, Mama Zuhura, neno limefika, mwiko umekwisha. Fagia na hapa.

Nilichukua ufagio nikainama. Upepo ulikuwa umeingia kidogo chini, meno mawili matatu ya soli yamemomonyoka. Kisigino bado kipo, kimelika upande wa nje. Miezi mitatu bado. Halafu Sao Paulo, halafu Johannesburg, halafu Dar, halafu Rufiji.

Nimerudisha beseni mahali pake. Nimeweka na jiwe juu.

Mama ananigombeza tangu saa hizo. Wanasema maji yanatoka kesho, naye anataka beseni lake.

Halitoki.